Hivi kisiwa kinaweza kuwa na ukoo wake wa ndege?

mtu_wa_kirumba: Wakuu, jamaa tulikuwa nae Kapripoint hapa Mwanza tunaicheki Saanane, kile kisiwa kidogo cha Ziwa Victoria, akadai Madagaska kuna ukoo mzima wa ndege wa msituni haupo kwingine duniani. Kamba hizo au?

dagaa_mkavu: Kweli kabisa mkuu, wanaitwa Bernieridae, spishi 11. Zamani wataalamu waliwatawanya, huyu kwenye kundi la ndege waitwao shorewanda, yule kwingine, maana midomo haifanani, kuna mmoja ana limdomo lirefu la kuchokonolea wadudu kwenye magome, sasa DNA ikaja kuonyesha babu yao mmoja, ukoo ukapewa jina rasmi 2010.

mtu_wa_kirumba: Daah. Na mbona Saanane hamna kitu kama hicho?

mama_sato: Saanane si ndege anavuka tu mdogo wangu 😂 kule Madagaska mpaka bara ni kilomita kama 400 za bahari