Naomba ushauri: mwewe wa ziwani wananitoka ukungu kwenye picha

Habari zenu, ndugu na dada. Niko Bukavu. Asubuhi mitumbwi ya sambaza, wale samaki wadogo wa hapa, inaporudi kutoka Ziwa Kivu, mwewe hushuka kunyakua samaki juu ya maji. Nawapenda sana ndege hawa. Jana mmoja alinipita karibu mno, nikaona mkia wake wenye panda ukijipinda kama usukani, na sambaza akimeremeta kwenye kucha. Picha? Ukungu mtupu. Fokasi ilishika vilima vya nyuma.

Natumia lenzi ya 70-300 mm. Nikiweka kasi ya shata ya sekunde 1/500, ncha za mabawa zinafifia. Nikipandisha hadi 1/2000, ISO (wepesi wa kamera kuhisi mwanga) inapanda nayo na picha inajaa chenga. Tena mbingu ikiwa nyeupe, kama msimu huu wa mvua, ndege anatoka mweusi tii, ile kahawia yake nzuri haionekani kabisa.

Wenye uzoefu, nisaidieni: nitumie nukta moja ya fokasi au kundi la nukta? Niongeze mwanga kiasi gani bila kuunguza mawingu? Na ndege akigeuka ghafla, mnamfuataje? Lenzi nyingine siwezi kununua kwa sasa. Asanteni.