Kupima uchakavu wa injini ya Cessna 172 kabla ya kununua: kompresheni, kamera ya silinda au uchunguzi wa oili?

Kisongo_Juu (mleta mada):
Wakuu, habari za leo. Mimi na wenzangu wawili tunakaribia kununua Cessna 172 iliyotumika, ambayo kwa sasa imeegeshwa Moshi. Muuzaji ameturuhusu kuikagua injini, ila fedha tuliyotenga haitoshi kwa kila kipimo. Fundi mmoja anasema kompresheni peke yake inatosha, wa pili anataka kuingiza kamera ndani ya silinda, na wa tatu anashauri tupeleke sampuli ya oili maabara. Kompresheni ya mwisho ilikuwa nzuri, silinda zote juu ya 70. Mngekuwa ninyi, fedha mngeiweka wapi?

FundiWaPistoni:
Ndugu, yale ya msingi hujayasema. Ni 172 ya mwaka gani? Za mwanzo zilikuwa na Continental ya silinda sita, na za kuanzia 1968 zikafungwa Lycoming ya silinda nne, na magonjwa ya injini hizo mbili hayafanani. Imefanya saa ngapi tangu ovaholi (injini kufumuliwa na kufanywa upya)? Hiyo 70 ilipimwa injini ikiwa ya moto au baridi? Na kubwa kuliko yote, mara ya mwisho iliruka lini?

Rubani_Mstaafu:
Mimi nitaitetea kompresheni, mradi ipimwe na mtu mwenye masikio. Hewa yenye shinikizo la psi 80 huingizwa kwenye silinda kupitia tundu la plagi, na geji ya pili huonyesha kiasi kilichobaki, kwa mfano 72/80. Ikishuka chini ya 60 mafundi wengi huanza kutilia shaka. Hata hivyo namba ni nusu tu ya kipimo: ukisikia hewa ikivuma kwenye mdomo wa kujazia oili, ringi za pistoni zinavujisha, ikitokea kwenye bomba la moshi, vali ya kutolea moshi haikai vizuri, ikirudi kwenye njia ya kuingizia hewa, tazama vali ya upande huo. Hakuna kipimo kingine kinachokupa majibu hayo asubuhi moja.

Kisongo_Juu:
Asanteni. Ni 172N ya 1978, yenye Lycoming O-320-H2AD, saa kama 1,400 tangu ovaholi. Kompresheni sijui ilipimwa katika hali gani. Muuzaji anasema hairuki sana siku hizi, ila huiwasha kila wiki ikiwa chini ili injini isilale.

Mhandisi_Sanya:
Maelezo hayo ya mwisho ndiyo yanayonitisha. Kuiwasha chini bila kuirusha hakuipatii oili joto la kutosha kuukausha unyevu, kwa hiyo unaongeza maji ndani ya injini huku ukidhani unaitunza. Kamshafti ya Lycoming (mhimili unaofungua vali) iko juu ya krenkishafti (mhimili unaozungushwa na pistoni). Ndege ikisimama muda mrefu, oili hutiririka chini na chuma hubaki kitupu.

Niliwahi kuitwa kuitazama Piper Cherokee yenye Lycoming O-360, iliyonunuliwa kwa sababu tu kompresheni yake ilikuwa safi kabisa, silinda zote 76 kwenda juu. Mwenyewe alilalamika kuwa haipandi, na kila mtu akamwambia kuwa Kisongo, uwanja wa ndege wa Arusha, iko karibu mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, kwa hiyo azoee. Nilipoikata filta ya oili na kuitandaza karatasi yake juu ya meza, vipande vyembamba vya kung'aa vilikuwa vimejificha katika mikunjo, na sumaku ilipopita juu yake vikasimama kama nywele. Tulipong'oa silinda tuliona nyuso za tapeti (vipande vinavyosukumwa na kamshafti ili vali zifunguke) zimeliwa vishimo vishimo, na pembe moja ya kamshafti ilikuwa imesagika hadi kukaribia kuwa mviringo. Ringi na vali hazikuwa na kosa lolote, ndiyo maana geji haikusema neno. Kuitoa kamshafti hiyo kulilazimu injini yote kupasuliwa.

FundiWaPistoni:
Naunga mkono, na kwa H2AD ni zaidi, kwa kuwa inajulikana kwa ulaji wa kamshafti na tapeti. Lycoming inataka kila oili inapobadilishwa iongezwe dawa yake ya LW-16702. Fungueni logibuku (daftari la kumbukumbu za matengenezo) mtazame kama imeandikwa.

Mwana_Meru:
Mbona hakuna aliyetaja mwinuko? Nijuavyo, kompresheni ikipimwa Arusha husoma chini kuliko Moshi.

Rubani_Mstaafu:
Hapana, ndugu. Hiyo ni geji ya gereji ya magari, ambayo injini huvuta yenyewe hewa ya mahali ilipo. Hapa hewa inatoka kwenye kompresa na geji zote mbili zimefungwa kwenye mpira mmoja, kwa hiyo mwinuko hauna kazi hapo.

Mwana_Meru:
Nimekuelewa. Basi mimi naipigia kura maabara: chuma kikizidi unatazama silinda na kamshafti, kromiamu unatazama ringi, alumini unatazama pistoni, na silikoni ni vumbi lililopita filta ya hewa, jambo la kawaida kwa ndege zinazotua viwanja vya changarawe.

Mhandisi_Sanya:
Sampuli moja peke yake haina nyingine ya kulinganishwa nayo. Na kama oili imebadilishwa juzi, maabara itakusomea oili mpya. Anza na filta, kisha kamera: vali ya kutolea moshi inayoungua huonyesha doa la rangi upande mmoja, hata kabla kompresheni haijashuka.

Kisongo_Juu:
Muuzaji amekubali filta ikatwe mbele yetu. Kuhusu silinda kung'olewa amekataa, na kamera anasema ni kupoteza muda.

FundiWaPistoni:
Muulizeni pia inakula oili kiasi gani. Kwa injini ya nguvu farasi 160, kikomo cha Lycoming ni karibu nusu lita kwa saa. Na tuwekee hapa kurasa za logibuku za miaka mitano iliyopita.