Mrejesho: Injini ya Corvette iliyokatwa ubavu sasa inazunguka

Wakuu, niliuliza namna ya kuzungusha injini yangu ya maonyesho, V8 (silinda nane) ya gari la Corvette la 1957, lita 4.6, iliyokatwa ubavu ili ndani paonekane, bila kukwaruza silinda. Aliyeshauri mota ndogo ya umeme yenye gia za kupunguza mwendo, ubarikiwe, imekubali kabisa. Grisi nyepesi nimepaka kwa mkono, maana oili ingevujia yote kwenye mikato. Kingo nimezipiga rangi nyekundu.

Raha yenyewe sasa: krenkishafti (shafti kuu ya injini) ikizunguka mara mbili, kemshafti (shafti inayoendesha valvu) inazunguka mara moja, pushirodi (fimbo ya kusukuma) inapanda, rokaamu (mkono wa juu) inabonyeza, valvu (mlango wa silinda) inafunguka taratibu mbele ya macho yako. Hatua nne za injini, kuvuta, kubana, kuwaka, kutoa, yote unayaona! Kabureta (kichanganyio cha hewa na petroli) bado naisafisha.