VirtualBox, VMware au Hyper-V: nichague gani bila kuipoteza Docker?

KahawaWest_Net
Wadau, naomba msaada kabla ya Jumatatu. Mchana nafanya kazi kwa Docker (inayoendesha programu ndani ya makontena), jioni nasomea CCNA, cheti cha mitandao cha Cisco. VirtualBox, ninayoendeshea mashine pepe (kompyuta ndani ya kompyuta), ilikuwa sawa hadi nilipoweka Docker. Sasa Ubuntu iliyo ndani yake inachukua dakika nane kuwaka, na GNS3 VM (mashine pepe ya Linux ya kufanyia mazoezi ya mitandao) inaniandikia kwamba KVM (kiendesha mashine pepe cha Linux) haipo. Nina shilingi 6,000. Nihamie VMware, inayofanya kazi kama VirtualBox, nirudi Hyper-V ya Windows yenyewe, au niongeze RAM?

mama_seva
Kaka, Windows gani? Prosesa? RAM ngapi? Umetuletea mgonjwa bila kutuambia umri wake. Angalia pia pembe ya chini kulia ya dirisha la VirtualBox: kuna kobe wa kijani?

KahawaWest_Net
Kobe yupo! Ni Windows 11.

mama_seva
Basi ni hivi. Docker Desktop yako imekalia WSL 2 (Linux ndani ya Windows), na WSL 2 imekalia hipavaiza ya Hyper-V, yaani programu inayozigawia mashine pepe prosesa. Hiyo huwaka mapema kabisa na kuishika VT-x, uwezo wa prosesa wa kuendesha mashine pepe. VirtualBox ikifika inakuta kiti kina mtu, inabidi ipitie kwa Hyper-V. Kabla ya toleo la 6.0 ilikuwa inagoma tu kuwasha mashine. Siku hizi inawasha, ila kwa mwendo wa huyo kobe. Na kutoa tiki ya Hyper-V peke yake hakutoshi. Kuna Virtual Machine Platform, na kuna Memory Integrity kwenye Windows Security. Kila moja inaiwasha tena hiyo hipavaiza. RAM haitamfukuza kobe.

fundi_luthuli
Weka VMware Workstation Pro umalize. Ilikuwa bure kwa matumizi binafsi tangu Mei 2024, na kufikia Novemba mwaka huo ikawa bure hata kwa biashara. Tangu 15.5.5 inakaa na Hyper-V bila ugomvi. Wateja wangu wote nawawekea hiyo.

mama_seva
Inakaa nayo, nakubali. Lakini huyu anataka GNS3 VM, ambayo inahitaji KVM ndani ya mashine pepe. Hyper-V ikiwa imewaka, VMware haiwezi kupitisha VT-x hadi ndani. Atakutana na ujumbe uleule aliokimbia.

ngara_linux
Toa Windows. Ubuntu, KVM, Docker bila Desktop, GNS3 juu yake. Hakuna wa kugombania prosesa.

fundi_luthuli
Huko pia wanagombana. Kuanzia kerneli (kiini cha Linux) 6.12, KVM inaishika VT-x mara tu moduli inapopakiwa, na VirtualBox inaweza kukataa kuwasha mashine hadi uitoe moduli hiyo kwa amri ya rmmod.

ngara_linux
Ukiwa na KVM, VirtualBox ya nini tena?

msomi_juja
Kabla hujagusa BIOS (mipangilio ya laptopu kabla Windows haijawaka), nisikilize. Mwaka jana nilikuwa na shida hiihii, kesho yake nikitakiwa kuonyesha mradi wa mwisho. Saa nne usiku nikabonyeza F10, nikazima VT-x, nikaiwasha tena, na katika kuhangaika nikazima Secure Boot, kinga ya wakati wa kuwasha. Kuwasha: skrini ya buluu ya BitLocker (kufuli la diski la Windows) inadai ufunguo wa tarakimu 48. Laptopu nilinunua mjini ikiwa imeshatayarishwa na muuzaji, kwa akaunti ya Microsoft aliyoifungua mwenyewe. Ufunguo ulikuwa kwenye akaunti hiyo. Nilirudisha Secure Boot, ikaendelea kudai. Asubuhi nilikuwa mlangoni kwake kabla hajafungua, naye hakumbuki nywila. Nilifuta diski nzima. Mashine pepe tatu zilizokuwa ndani ya diski hiyo, pamoja na mradi, zilienda. Tafadhali, fungua CMD (dirisha la amri la Windows) kama msimamizi, andika `manage-bde -protectors -get C:`, uziandike hizo tarakimu kwenye daftari. Kwenye daftari, si kwenye laptopu.

dada_wa_data
Pole sana. Hili la wauzaji kufungua akaunti kwa jina lao linaniumiza. Mnunuzi akitoka dukani ahakikishe akaunti ni yake.

fundi_luthuli
Si sote tunafanya hivyo, dada. Mimi namwachia mteja ajiandikishe mwenyewe mbele yangu.

KahawaWest_Net
Nimeziandika tarakimu. Mashine ni EliteBook 840 G5, i5, RAM 8GB, Windows 11 Pro.

mama_seva
8GB! Ungelisema mapema. Ningekuwa wewe: zima Memory Integrity ukijua umepunguza kinga, kisha `bcdedit /set hypervisorlaunchtype off` na uwashe upya. Docker Desktop italala. Weka VMware, Ubuntu moja ndani yake, na Docker ndani ya hiyo Ubuntu. GNS3 VM itapata VT-x. Ukitaka kurudi, amri ni ileile, mwisho wake `auto`.

fundi_luthuli
Na kwa 8GB, Ubuntu na GNS3 VM kwa pamoja zitamkaba. RAM aongeze tu. Hiyo G5 ina nafasi mbili za DDR4.

KahawaWest_Net
Nimefungua kifuniko. Nafasi moja iko wazi. Fundi, 8GB ya pili iliyotumika unauza ngapi, na nitajuaje kama ni nzima?

ngara_linux
Ijaribu kwa Memtest86+ usiku kucha. Na bado nasema Ubuntu.