Mrejesho: seramiki yangu iliyokuwa inapasuka

Wakuu, narudi kama nilivyoahidi. Niliuliza kwa nini seramiki yangu ya nyuzi za alumina (oksidi ya alumini), niliyoilowesha kwa soli ya silika (maji yenye chembe ndogo mno za silika), inajaa nyufa ikikauka. Kosa lilikuwa haraka yangu. Soli ikikauka huganda kuwa jeli, na jeli ikipoteza maji husinyaa sana, nyuzi hazisinyai, lazima kitu kiachie.

Sasa nachanganya unga laini wa alumina kwenye soli, nakausha polepole chini ya kifuniko, kisha nalowesha na kuchoma tena. Nimerudia mara sita. Mara ya mwisho kipande kiliongezeka uzito kidogo mno, nikaacha. Nyufa ndogo bado zipo, ila kipande kikivunjwa nyuzi zinachomoka, hakikatiki ghafla kama kigae.

Aliyenionya nisichome kwa moto mkali mno, asante. Kile nilichokichoma kwa nyuzijoto 1,400 (ubishi wangu huo) kilivunjika kama biskuti.