Mjadala: Je, VF-1 Valkyrie ni ndege kweli, au ni roboti iliyovishwa mabawa?

Swali ninalolileta limewagawa wapenzi wa anime, yaani katuni za Kijapani, kwa miaka mingi. Takwimu za kiufundi za ndege vita zinazogeuka kuwa roboti, hasa zile za VF-1 Valkyrie ya Macross, je, ni sheria inayopaswa kumbana mtunzi na kupimwa na mtazamaji, au ni pambo tu la kuuzia vinyago? Upande mmoja husema kwamba chombo kisichoweza kuwepo hakipigiwi hesabu. Upande wa pili hujibu kwamba mbunifu wake, Shoji Kawamori, aliwahi kusoma uhandisi katika Chuo Kikuu cha Keio, kwa hiyo kila namba iliyotolewa ni ya kuaminiwa. Mimi ni wa upande wa hesabu, lakini masomo ya mbunifu siyakubali kuwa ushahidi, kwa sababu namba hujitetea zenyewe au huanguka zenyewe. Nimezipiga. Hukumu yangu ni kwamba VF-1 imefikiriwa vizuri kuliko wakosoaji wake wanavyodhani, kwamba umbo lake la kati ndilo lenye utetezi mzito zaidi, na kwamba udhaifu wake mkubwa hauko kwenye mtambo wa nyuklia ambao kila mtu huukimbilia, bali uko kwenye nyonga.

Kwa wale ambao hawajaitazama, Macross ilianza kuonyeshwa kwenye televisheni ya Japani mwezi Oktoba 1982 na ikaenda vipindi 36. Ndani ya hadithi, chombo cha wageni kinaanguka duniani mwaka 1999, wanadamu wanajifunza teknolojia yake, na ifikapo 2009 wanajikuta vitani na Wazentradi, ambao ni majitu yenye kimo cha mita 10 hivi. Hapo ndipo inapotoka sababu ya ndege kupewa mikono na miguu, kwani ndani ya meli ya majitu milango na njia zote zimejengwa kwa kimo chao, na mpiganaji wa mita 12.68 ana kazi ya kufanya humo. VF-1 ina maumbo matatu: Fighter, ambayo ni ndege kamili, Battroid, ambayo ni roboti kamili, na Gerwalk iliyo katikati, ambamo pua, mabawa na mkia vinabaki vya ndege huku miguu ikishuka chini na mikono ikichomoza.

Ukiitazama kwa makini ikiwa ndege, roboti nzima unaiona. Injini mbili zimo ndani ya miguu, na nozeli zake, yaani matundu ya kutolea moto, ndizo nyayo. Mikono imekunjwa chini ya tumbo katikati ya miguu hiyo, na kichwa kimelala chini ya kiwiliwili, mzinga wake wa leza ukielekea nyuma. Hakuna kipande kinachozuka kutoka mahali pasipojulikana wala kinachotoweka. Wanaosema kwamba haya yote yalifanywa kwa ajili ya vinyago wanasema kweli kwa sehemu, kwa sababu kampuni ya Takatoku ilitoa kinyago cha kipimo cha 1/55, kilekile ambacho Hasbro ilikuja kukiuza mwaka 1985 kwa jina la Jetfire katika safu ya Transformers. Lakini hoja hiyo inawageukia wenyewe. Kinyago kinachogeuzwa kwa vidole kutoka ndege hadi roboti ni uthibitisho kwamba jiometria ya mchoro inakubali. Kisichothibitisha ni uimara, maana plastiki ya gramu chache haibebi mzigo wa tani 18.

Tuanze na uzito, kwa kuwa ndiyo shutuma inayorudiwa zaidi. VF-1 imeigwa waziwazi kutoka F-14 Tomcat, ndege ya Marekani iliyoruka mara ya kwanza mwaka 1970, yenye urefu wa mita 19.1 na uzito mtupu wa tani 18.2 hivi. VF-1 ina urefu wa mita 14.23 na uzito mtupu wa tani 13.25. Mkosoaji huuliza imewezekanaje chombo chenye mikono, vidole, magoti na deraya kiwe chepesi kwa tani 5 kuliko ndege ya kawaida. Anasahau kwamba uzito haupungui sambamba na urefu. VF-1 ni kama robo tatu ya F-14 kwa urefu, na upana wa mabawa yaliyotandazwa unafuata uwiano huohuo, mita 14.78 kwa 19.54. Kitu kikipunguzwa kiasi hicho kwa urefu, upana na kina, ujazo wake unabaki asilimia 41 tu. F-14 iliyopunguzwa hivyo ingekuwa na tani 7.5, na ukizitoa katika 13.25 zinabaki tani 5.7 za mikono, viungo, mota na deraya. Kweli, kiti cha rubani hakipunguzwi, na rada nayo haipendi kupunguzwa, kwa hiyo kata tani moja au hata mbili. Bado hesabu inasimama. Aliyeziweka namba hizi aliacha nafasi kwa ajili ya roboti, na mtu aliyekuwa anapamba tu asingehangaika kuiacha.

Msukumo pia unakubali. Kila injini inasukuma kwa kani ya kilo 11,500, yaani tani 23 kwa jumla, dhidi ya uzito wa kuruka wa tani 18.5. Uwiano wake ni 1.24, ambao unatosha kuinyanyua ndege wima na kuiacha ielee, bila ya ziada ya kutisha. Mtambo wenyewe ni wa muunganiko wa nyuklia, unaopasha moto hewa iliyoingizwa kwenye turbini, na hapo sina ugomvi: hadithi inaomba zawadi moja, nami naitoa. Baada ya zawadi hiyo, chuma, upepo na uzito ni vyetu sote, na hapo ndipo mtunzi anapopaswa kubanwa.

Umbo ninalolitetea kwa moyo wote ni Gerwalk, ambalo wengi hulidharau kwa sababu linafanana na kuku. Injini zikiwa nyuma ya ndege, huwezi kuzielekeza chini na kutegemea kuelea, maana mkia utanyanyuka na pua itachimba ardhi. F-35B, ndege vita ya Marekani inayoweza kutua wima, inalitatua tatizo hili kwa kuweka feni kubwa nyuma ya chumba cha rubani ili ibebe upande wa mbele, feni ambayo ikishamaliza kazi yake inabaki mzigo safari nzima. Harrier, ndege vita ya Uingereza ya namna hiyohiyo, ililitatua kwa kuweka nozeli nne kuzunguka kitovu cha uzito. Gerwalk inafanya jambo la tatu: miguu inashuka, inakuja mbele, magoti yanakunjwa, na nozeli zinafika chini ya kitovu cha uzito zenyewe, bila feni wala bomba la pembeni. Nimelichora umbo hili kwa ubavu na kupiga mstari wima kutoka kwenye egemeo la bawa, ambapo kitovu cha uzito cha ndege ya namna hii hukaribia kukaa, na mstari ukapita karibu kabisa na nyayo. Ndege zinazogeuza injini zikiwa angani si ndoto: V-22 Osprey hufanya hivyo, na imo kazini katika jeshi la Marekani tangu 2007. Ukiniuliza ni sehemu gani ya Macross mhandisi wa leo angeweza kuiazima, nitataja goti la Gerwalk kabla ya kitu kingine chochote.

Sasa upande wa pili wa hukumu yangu. Katika anime, VF-1 hugeuka Battroid ikiwa katika mwendo wowote, na takwimu zinasema mgeuko huo huchukua chini ya sekunde 5. Anayejua jinsi mkono uliotolewa nje ya dirisha la basi linalokimbia unavyorushwa nyuma, ataelewa ninakoelekea. Karibu na usawa wa bahari, kwa mwendo wa kilomita 900 kwa saa, upepo unakandamiza kila mita moja ya mraba iliyoukabili kwa kani ya tani 3.9. Battroid iliyosimama wima, tuseme ina mita za mraba 25 za kifua, miguu na mikono, itapokea karibu tani 100. Itafunga breki kwa zaidi ya mara 5 ya mvutano wa dunia, na kwa kuwa kani hiyo haiwezi kugawanyika sawasawa juu na chini ya kitovu cha uzito, itabingirika kabla mabawa hayajamaliza kukunjwa. Kwa kilomita 300 kwa saa kani inashuka hadi kilo 430 kwa mita ya mraba, sehemu moja ya tisa, na hapo jambo linaanza kuzungumzika. Angani nje ya dunia upepo haupo na shutuma hii yote inafutika, ambako ndiko sehemu kubwa ya vita vya Macross inakopiganwa.

Lakini nyonga inabaki, hewa iwepo isiwepo. Katika umbo la ndege, mguu umefungwa chini ya kiwiliwili na kusukuma kwa tani 11.5. Katika Battroid, mguu uleule umehamia ubavuni mwa pua na unabeba uzito wa chombo. Kati ya makao hayo mawili upo mkono mmoja wa chuma unaouhamisha, na kwa sekunde zile za katikati kufuli la kwanza limefunguka, la pili halijafunga, na injini inaendelea kuwaka. Tukumbuke F-14 ilihitaji nini ili bawa lake liweze tu kwenda mbele na nyuma kati ya digrii 20 na 68: boriti kubwa ya titani iliyounganishwa kwa miale ya elektroni, yenye egemeo moja kila upande, na kila egemeo lina mwendo mmoja tu. Nyonga ya VF-1 inashuka, inateleza na kuzunguka. Watetezi wa Battroid huniletea deraya inayoimarishwa kwa nishati ya ziada ya mtambo, na nakiri kwamba ndiyo hoja yao bora, tena ina uzuri wake, kwa sababu nishati hiyo inapatikana kwa wingi pale tu injini zinapokuwa hazina kazi ya kurusha chombo. Kwa maana hiyohiyo lakini, haipatikani katika sekunde za mgeuko, ambazo ndizo inapohitajika.

Bega nalo lina kesi ndogo. Mzinga wa GU-11 ambao VF-1 huubeba ni wa milimita 55 na hutoa risasi 1,200 kwa dakika. Nikichukua risasi ya milimita 30 ya ndege ya A-10 na kuikuza hadi kipimo hicho, napata kichwa cha risasi cha kilo 2.5 hivi, na kwa risasi 20 kila sekunde mzinga unarudi nyuma kwa kani ya tani 5. Ukiwa umefungwa chini ya tumbo la ndege, kani hiyo inapita karibu na mstari wa kati na haina madhara makubwa. Ukishikwa kwa mkono mmoja ulionyooshwa pembeni, utaizungusha Battroid mpaka risasi 200 ziishe, yaani kwa sekunde 10.

Wapo watakaosema kwamba ninaiharibu hadithi kwa kuidai hesabu. Naona ni kinyume chake, na ushahidi wangu ni kilichotokea namba zilipoachwa ziende zitakako. Katika Macross Plus ya mwaka 1994 bado mipaka ilikuwa na uzito: rubani wa YF-21 anatupa mikono na miguu ya ndege yake ili apate kasi, kisha mwili wake mwenyewe unashindwa kuvumilia kasi hiyo, na anakufa. Tukio zima limejengwa juu ya uzito na mvutano. Miaka 14 baadaye, katika Macross Frontier, VF-25, mrithi wa VF-1, inapewa urefu wa mita 18.72, karibu sawa na F-14, lakini uzito mtupu wa tani 8.45, na injini mbili zinazosukuma kila moja kilonyutoni 1,620. Uwiano wa msukumo na uzito unazidi 38. Kwa kuwa hakuna binadamu anayeweza kukaa ndani ya chombo kama hicho na kuwa hai, ilibidi kibuniwe kifaa cha kuhifadhi inertia, yaani ukaidi wa mwili dhidi ya kubadilishwa mwendo, ili kimkinge rubani. Huko ni kuomba zawadi ya pili ili kulipia ya kwanza. Napenda michoro ya VF-25, na mkunjo wake ni wa ustadi kuliko wa VF-1, lakini sioni tena ni lini rubani wake analazimika kuchagua umbo kwa sababu umbo jingine lingemuua.

Kwa hiyo pendekezo langu kwa wanaobishana ni kwamba VF-1 ihukumiwe kwa kanuni mbili: ndani ya hewa, mgeuko wa kwenda Battroid upitie Gerwalk na usianze kabla mwendo haujashuka chini ya kilomita 400 kwa saa, na mzinga upigwe kwa mikono miwili. Anayeona kanuni hizi ni kali mno, au ni legevu mno, alete hesabu yake ya nyonga. Anionyeshe mzigo unapita wapi kutoka kwenye mguu hadi kwenye kiwiliwili katika sekunde ya pili ya mgeuko, injini ikiwa inasukuma.