Wauzaji wa fimbo za kuvulia, acheni kutudanganya kuwa fimbo moja inatosha kwa kila chambo!

Wakuu, heshima kwenu. Nimesubiri siku tatu hasira ipoe ndipo niandike. Haijapoa, kwa hiyo naandika hivyo hivyo.

Jumamosi nimepoteza samaki aina ya besi niliyemtafuta misimu miwili. Ni Lake Fork, hapa Texas, mashariki ya Dallas. Mnaoishi huku mnalijua bwawa lile: miti iliachwa imesimama ndani ya maji, magugu yamejaa, na besi wa mdomo mkubwa wa humo si wa kitoto. Rekodi ya jimbo zima, pauni 18.18, ilitoka humo mwaka 1992.

Nilikuwa natupa krenki, kile chambo cha plastiki ngumu chenye ulimi wa kukizamisha na ndoano mbili za makucha matatu matatu. Kikagonga kisiki, kikateleza, mara mkono ukawa mzito. Nikamleta hadi kama mita mbili kutoka kwenye boti. Akaruka, akaachama mdomo wote nikaona mpaka mashavu mekundu ya ndani, akatikisa kichwa mara moja tu. Krenki ikafyatuka ikapita karibu na sikio langu. Nilipoishika, kwenye ukucha mmoja wa ndoano palikuwa na kipande cha ngozi ya mdomo, chembamba kama karatasi. Nimekitazama kile kipande mpaka machozi yakanilenga.

Ndoano haikunyooka, mshipi haukukatika. Fimbo ndiyo iliyomchana mdomo.

Fimbo hiyo niliuziwa na ndugu yetu wa hapa hapa anayeuza vifaa vya uvuvi kwa wanajumuiya. Jina lake silitaji. Nilimweleza vizuri kabisa: kaka, navua kwa krenki, kwa mnyoo wa plastiki na kwa chura wa mpira, nishauri. Akanikabidhi fimbo ya futi 7 na inchi 6, imeandikwa H (heavy, yaani nguvu kubwa), ngumu kama mpini wa jembe. "Chukua hii mdogo wangu, hii inamaliza kila kitu." Dola 180. Nikalipa, maana ni kaka yangu na anaongea lugha yangu.

Sasa nimejua, na inaniuma kwa sababu angeweza kunieleza kwa dakika tano. Fimbo ina mambo mawili ambayo watu wanayachanganya. Kuna nguvu yake, yaani inahitaji uzito gani ndipo ipinde. Na kuna mpindo, yaani inapinda wapi: nchani tu, au mpaka katikati. Krenki ina ndoano nyembamba zinazoshika ngozi juu juu. Inataka fimbo ya M (medium, yaani nguvu ya kati) inayopinda mpaka katikati, nyingi ni za faibaglasi au mchanganyiko wa faibaglasi na grafaiti, ili samaki akitikisa kichwa fimbo imfuate badala ya kushindana naye. Pia inachelewa kidogo kuvuta, samaki anapata muda wa kufumba mdomo. Ile yangu ya H ilimnyang'anya chambo.

Mnyoo wa plastiki ni kinyume chake. Pale ndoano ni moja, nene, imefichwa ndani ya plastiki, na lazima itoboe plastiki kwanza ndipo itoboe taya. Hapo unataka MH (nguvu iliyo kati ya M na H) inayopinda nchani, ya grafaiti, inayokufikishia kiganjani hata chubwi ikigusa kokoto. Mnyoo wangu na chubwi yake havifiki hata robo wakia, na fimbo yangu ya H imeandikwa chambo cha wakia ½ hadi 2, kwa hiyo uzito ule haukutosha kuipinda ili irushe. Miezi yote hiyo nilikuwa nalaumu mkono wangu kwamba sijui kutupa!

Chura wa mpira juu ya magugu ndiye pekee aliyestahili fimbo ile, pamoja na mshipi wa kusuka wa pauni 50 hadi 65, maana pale samaki lazima ang'olewe kabla hajajizika kwenye majani. Kwa hiyo kaka alinipa fimbo ya kazi moja akaiita ya kazi zote. Angesema "mdogo wangu, kama pesa ni ya fimbo moja tu, chukua MH ya futi 7, itakusumbua kwenye krenki lakini utavua," ningemshukuru mpaka leo.

Maandishi yapo pale juu kidogo ya mpini, wakuu: urefu, nguvu, uzito wa mshipi, uzito wa chambo. Someni kabla ya kutoa pesa. Na msiamini herufi peke yake, maana hakuna kipimo kimoja cha viwanda vyote. MH ya kiwanda hiki ni M ya kile. Shikeni ncha, ipindeni, muone inapindia wapi.

Wenzetu wa Naivasha, na nyie besi mnao tangu walipoletwa kutoka Marekani mwishoni mwa miaka ya 1920, na fimbo nyingi mnaletewa na watu wanaosafiri. Mwambieni anayewaletea aina ya chambo chenu kwanza, fimbo baadaye.

Nimempigia kaka mara nne. Mara ya kwanza alisema mimi ndiye sijui kuvua. Nimekulia Mwanza, nimevua sato kwa fito na mshipi tangu darasa la tatu, neno hilo sijalimeza. Mara tatu zilizofuata hakupokea.

Sihitaji pesa yote irudi. Nataka anibadilishie kwa M ya krenki, tofauti ya bei nitaongeza. Na najua kuna wengine angalau watatu humu waliouziwa fimbo ile ile kwa maneno yale yale. Kama ni wewe, andika hapa chini chambo unachotumia na kilichokupata, nimpelekee yote kwa pamoja.